Utukufu wa Gia Boksi Mzee

Farasi amesifiwa, jahazi limesifiwa, mnazi umesifiwa mpaka makuti yake. Viongozi husifiwa kila siku, hata pale wasipokuwepo. Lakini sijapata kusikia mtu akisimama mbele ya watu kuisifu gia boksi otomatiki ya fowili kuukuu: ile iliyoshuka bandari ya Dar es Salaam ikiwa tayari mtumba, ikapita mikononi mwa wamiliki watatu, na ambayo leo, ukiushusha mkono wa gia kwenye D, hufikiri kwanza ndipo iondoke. Wenzake huitwa spea. Yeye huitwa tatizo. Najitolea kuwa wakili wake, na bila malipo, kwa kuwa mteja wangu amekwisha kula fedha zote.

Tuanze na nasaba, maana mtu hasifiwi kabla hajajulikana ni wa ukoo gani. Mkubwa wa ukoo huu ni Hydra-Matic ya General Motors, iliyoingia kwenye Oldsmobile za mwaka 1940 na kisha ikapelekwa vitani ndani ya vifaru vyepesi vya Marekani, M5 Stuart. Tawi la Japani lilishika mizizi mwaka 1969, Aisin ilipoungana na Borg-Warner ya Marekani kuunda Aisin-Warner. Huko ndiko ilikotoka jamii ya A340, ambayo sisi tumeijua kupitia Hilux Surf na Prado za miaka ya 1996 hadi 2002. Kwa hiyo anayeitukana gia boksi ya Prado yake katikati ya foleni ya Mwenge ajue anautukana ukoo wa askari. Hata serikali zinautambua umri wake. Kenya haimruhusu kuingia akishavuka miaka 8, na Tanzania humpokea kwa kumtoza ushuru wa uchakavu, heshima ambayo gari jipya halipewi.

Sifa yake ya kwanza ni utulivu. Gia za mkono hazina simile: ukikanyaga klachi ukatia namba moja, zimeingia, tena bila hodi. Gia boksi mzee hulipokea ombi lako, hulichukua ndani, hulijadili, kisha hulijibu kwa kishindo kimoja kinachosikika mpaka kiti cha nyuma. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinataka kutoka N kwenda D isizidi sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R isizidi sekunde 1.5. Hayo ni masharti ya vijana. Mteja wangu huchukua hata sekunde 3, na ndani ya muda huo dereva mcha Mungu anakuwa amekwisha kusoma dua ya safari.

Tena ucheleweshaji wake si wa ovyo, una maana kwa anayejua kuusikiliza. Injini ikishapata moto, vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu barabara, acha injini ikiunguruma taratibu, halafu hesabu tangu unapotoka N hadi unapokisikia kile kishindo. Rudia mara tatu, ukiipumzisha dakika moja kila mara, uchukue wastani. Ikichelewa kwenye D tu huku rivasi ikiingia vizuri, lawama iko kwenye klachi ya kwenda mbele. Ikichelewa kwenye rivasi tu, tazama vifaa vya rivasi. Ikichelewa kote kuwili, tatizo ni presha ya oili: oili ni pungufu, chujio limeziba, au pampu imechoka. Mzee ametoa maelezo kamili bila kufunguliwa hata nati moja. Ni mashahidi wangapi mahakamani wanaosema kweli namna hiyo?

Sifa ya pili: ameikomesha aibu ya kusukumwa. Zamani betri ikifa, mtaa mzima uliitwa. Watoto wakasukuma, jirani akasukuma kwa shingo upande, na jioni habari ikawa imefika msikitini. Mteja wangu amefunga mlango huo. Pampu yake huzungushwa na injini. Injini ikilala, hakuna presha, na bila presha klachi za ndani hazishiki kitu. Sukumeni mpaka Chalinze, hataitikia. Ila heshima hiyo ina sharti lake, na wengi hulipuuza. Gari la namna hii likivutwa kwa kamba masafa marefu magurudumu yakiwa chini, vyuma vya ndani huzunguka na pampu imelala, wala hakuna oili inayopanda kuvilainisha. Anayetaka kuliheshimu alipandishe juu ya gari la kubebea, au afungue propela. Vinginevyo gari liliondoka na fyuzi mbovu, litafika gereji na gia boksi mbovu.

Sifa ya tatu ni ajira. Sijui kiwanda kinacholisha watu wengi kwa chuma kimoja. Gari likisita mara moja tu, anatokea fundi ambaye hajalikaribia hata hatua kumi, anasikiliza kwa jicho moja, anasema: "Imekufa hiyo, mkuu. Tushushe, tuweke nyingine." Hapo riziki inaanza kutembea. Dalali wa Gerezani anapigiwa simu. Inatafutwa gia boksi iliyotumika, kutoka Japani au iliyopitia Sharjah, imechorwa namba kwa chokaa na imefungwa kwa waya. Wabebaji wanalipwa. Muuza oili analipwa. Mama ntilie anawalisha mafundi wawili na msaidizi kwa siku tatu. Udhamini wa muuzaji ni mmoja na ni wa mdomo: "Ikikusumbua, irudishe kesho." Gia boksi inafungwa, gari linawashwa, mkono unashushwa kwenye D, na lile lile lililokuwapo linarudi vile vile, kwa sababu mgonjwa alikuwa waya.

Hapa ndipo ukuu wa mteja wangu unapodhihirika. Yeye hutenganisha watu wawili: mwenye haraka ya kuhukumu na mwenye subira ya kuuliza maswali ya bei rahisi kwanza. Wa kwanza humlipisha. Wa pili humfunulia siri zake zote, moja baada ya nyingine, na nyingi hazizidi bei ya tambara.

Swali la kwanza la bei rahisi ni kijiti cha kupimia oili, ingawa baadhi ya gia boksi za baadaye zimeinyima dunia hata kijiti hicho. Wengi wanakichomoa kama wanavyochomoa kile cha injini, asubuhi, gari likiwa baridi na limezimwa, kisha wanaongeza oili mpaka inatoa povu. Kwa Toyota hizi, mzee hapimwi hivyo. Apimwe akiwa amekwisha kutembea na kupata moto, gari likiwa sehemu tambarare, injini inaunguruma. Mguu ukiwa kwenye breki, pitisha mkono wa gia P, R, N, D, mpaka L, usimame kidogo kila mahali, kisha urudi P. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, ukichomoe tena, usome upande ulioandikwa HOT.

Sasa tazama. Oili njema ni nyekundu na unaona ncha ya kidole kupitia humo. Ikiwa ya kahawia lakini haina harufu, imezeeka pamoja na mwenyewe. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, kuna klachi iliyoteleza hadi ikaungua. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: vumbi jeusi laini ni nyama ya klachi iliyolika, chembe zinazometa zikielekezwa juani ni chuma, na chuma hakiachi mwili bila sababu. Povu ni dalili ya oili kuzidi. Na ikiwa oili imegeuka waridi, nzito na yenye ukungu, basi ndani mna maji.

Maji haya yana hadithi yake. Kwenye fowili nyingi oili ya gia boksi hupozwa ndani ya tangi la rejeta, na kati yake na maji ya injini pana ukuta mwembamba tu. Rejeta ikioza, ukuta unatoboka, viwili vinachanganyika. Mateso ya Nissan Pathfinder za mwaka 2005 hadi 2010 yalitokana na jambo hili hili. Lipo na lango jingine: bomba dogo la kupumulia, ambalo dereva hulisahau anapolitia gari kwenye maji ya Jangwani siku Msimbazi umefurika. Na mteja wangu, kwa ushujaa wake wote, klachi zake zimevikwa karatasi: karatasi ngumu ya kazi, iliyobandikwa kwa gundi juu ya bati la chuma. Maji hulegeza gundi na karatasi huanza kubanduka. Kwa hiyo rejeta mpya kwa gari lililofikisha miaka 20 si anasa. Ni sadaka ndogo inayozuia msiba mkubwa.

Sifa ya nne: mzee ana lugha, ila hamsemeshi kila mtu. Kwenye Prado na Surf za enzi hizo, taa ya O/D OFF ikianza kukonyeza yenyewe, anaomba faragha. Tafuta kisanduku cha kupimia, unganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi ya ovadraivu ikiwa imewashwa, kisha fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa ikikonyeza haraka haraka bila kupumzika, mara mbili kwa sekunde, hana la kusema. Ikikonyeza mara sita, ikatulia, ikakonyeza mara mbili, ametaja 62: umeme wa selenoidi ya kwanza. Akitaja 63 ni ya pili, 64 ni ile inayofunga tokikonveta, 61 ni sensa ya mwendo. Haya yote kwa waya wa urefu wa kidole.

Magari ya baadaye yanataka mashine, na mashine nayo inataka akili. Ikiandika P0700, imesema tu kwamba kompyuta ya gia ina malalamiko, uende ukayasome. Ikiandika P0750, imetaja njia ya umeme ya selenoidi A, na njia hiyo ina selenoidi yenyewe, waya, soketi na kompyuta. Kuna wenye gari walionunua selenoidi mbili kabla ya kuinama na kuona panya alikotafuna waya. Pima kwa mita: selenoidi za kubadilishia gia za Toyota hizi husoma kati ya omu 11 na 15. Ikisoma hapo, umeme wake ni mzima; rudi nyuma ukaukague waya.

Lakini jaribio ninaloliheshimu kuliko yote halina mashine kabisa. Lala chini ya gari, tafuta soketi ya nyaya za selenoidi pembeni mwa gia boksi, uichomoe. Basi. Umeinyamazisha kompyuta, umebaki na mzee na oili yake tu. Sasa toka nayo polepole barabara isiyo na watu. Kwenye A340, mkono ukiwa L utapata gia ya kwanza, ukiwa 2 utapata ya tatu, ukiwa D utapata ya nne. Ikishika zote bila kuteleza na bila makelele, basi pampu, klachi na vyuma vya ndani viko hai, na aliyesema "imekufa" ametabiri tu. Ugonjwa uko kwenye umeme. Ikiteleza hata hivyo, ugonjwa uko ndani, na hapo tu ndipo neno kushusha linapopata haki ya kutamkwa. Jaribio hili pia linaeleza kioja kinachosumbua wengi: umeme wa selenoidi zote ukikatika wenyewe, gari huondokea kwenye gia ya nne kila mara. Mwenye gari husema injini imepungua nguvu. Hubadilishiwa plagi, pampu ya petroli, chujio la hewa, na bado linapanda kimlima cha geti kwa kuomba radhi.

Sifa ya tano, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, ni kwamba mteja wangu hubeba dhambi za wengine bila kulalamika. Kishindo kile cha nyuma gari linaposimama au kuondoka mara nyingi ni meno ya propela yaliyokauka. Grisi ya kutosha inayanyamazisha. Vinginevyo ni krosi iliyolegea au maunting iliyokatika. Mtikisiko unaosikika ukipanda mlima unaweza kuwa plagi moja isiyochoma. Gia zinazobadilika mapema na kwa ulegevu, au zinazochelewa kisha zikagonga, mara nyingi ni kebo inayotoka kwenye mlango wa hewa ya injini kwenda kwenye gia boksi. Kanyagio likikanyagwa hadi mwisho, nafasi kati ya ncha ya kifuniko cha kebo na kizuizi chake iwe milimita 0 hadi 1. Ikilegea presha inashuka, ikikazwa mno gia zinachelewa. Gari halitaki kuwaka kwenye P lakini linawaka kwenye N? Swichi inayolijulisha gari uko gia gani imechafuka. Mkono umekataa kutoka P? Tazama taa za breki: zisipowaka, swichi ya kanyagio au fyuzi yake imekufa, na kufuli ya gia haijui kuwa umekanyaga breki.

Dhambi kubwa kuliko zote ni ya jirani yake, transifa. Mkono mdogo wa fowili ukiachwa kwenye N, au ukisukumwa na mzigo bila mtu kujua, gia boksi itaingia D kwa uaminifu, injini italia, na gari halitasogea hata unyoya. Waliokwisha kuita gari la kubebea kwa sababu hiyo hawapendi kutajwa. Kuna na hatari: transifa ikiwa N, hata P haishiki magurudumu. Gari lililoegeshwa mteremkoni litashuka lenyewe kwa utulivu kumtafuta wa kugongana naye. Kwa hiyo kabla hujafungua nati yoyote, angalia ule mkono mdogo, na breki ya mkono uivute daima.

Sifa ya sita: anajua kupumzika, na anatufundisha sisi tusiojua. Mpandishe Mlima Kitonga, ukitokea Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa, nyuma pana magunia na mbele pana lori lililobeba saruji. Ataanza kusitasita kati ya gia ya tatu na ya nne, na kila anapositasita oili inapata moto. Bonyeza ovadraivu uizime, abaki kwenye ya tatu, atakushukuru. Taa ya A/T OIL TEMP ikiwaka, ukae pembeni pasipo hatari, utie P, na injini uiache ikiunguruma. Usiizime, kwa sababu pampu ikisimama oili nayo inasimama kwenda kupozwa. Ungoje taa izimike. Mandhari ya Kitonga ni mazuri, na pasipo mteja wangu ungeyapita mbio ukiyatazama matako ya lori. Vivyo hivyo ukinasa kwenye matope: weka 4L kabla hujaanza kukanyaga na kurudi nyuma na mbele, maana kumtesa mzee kwa D na R nusu saa nzima ni kumpikia oili yake mwenyewe.

Najua wapinzani wangu wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba ukimbadilishia oili mzee utamuua. Hoja hii ina mguu mmoja wa kweli. Klachi iliyokwisha kulika huwa inashika kwa msaada wa vumbi lake lenyewe lililojaa kwenye oili; ukimwaga oili hiyo unamnyang'anya fimbo. Ila fimbo haikumpa ugonjwa. Anayesubiri oili iwe nyeusi ndipo aibadilishe asiilaumu oili mpya kwa kusema ukweli. Na aweke ile anayostahili: A340 hutumia Dexron, X-Trail ya CVT ina oili yake, Mitsubishi ina yake. Kwenye duka la spea zinaweza kuwa nyekundu zote, na wekundu si undugu.

Hoja ya pili ni jaribio wanalolipenda vijana wa gereji: kukanyaga breki na kanyagio la mafuta kwa pamoja, gia ikiwa D, mpaka injini igonge mwisho, wasome mzunguko wake. Jaribio ni la kweli na lipo vitabuni. Mzunguko ukipanda kupita kiasi, kuna kitu kinateleza. Ukibaki chini, injini haina nguvu au tokikonveta imechoka. Lakini kitabu kinasema lisizidi sekunde 5, na oili iwe na moto wake wa kawaida. Vijana hulifanya mpaka jirani atoke kuangalia. Aliyeingia akiwa mgonjwa huondoka akiwa marehemu, kisha cheti cha kifo kinaandikwa na aliyemnyonga.

Sidai kwamba mteja wangu hafi. Hufa, na siku ikifika, klachi zimekwisha, pampu imelika, chembe zinameta kwenye sampu. Basi ashushwe kwa heshima. Ninachodai ni haki ya kawaida ya kila mshtakiwa: asinyongwe kabla oili yake haijatazamwa, kebo yake haijapimwa, soketi yake haijachomolewa na transifa haijaulizwa ilikuwa wapi. Nchi ina watu wengi wanaohukumiwa haraka zaidi ya hapo, na wao hawana hata kijiti cha kupimia.

Ningeendelea, maana sifa zake hazijaisha. Sijataja anavyokuza udugu kati ya mwenye gari na fundi, mpaka wanaalikana harusini. Lakini wahenga walikwisha kuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu mgema wangu tumekwisha kuona maji hayo anayatoa wapi.